Kusikia na Kujisikia

Asubuhi ya tatu tangu aanze dawa, fundi alirudi kutoka chooni akipapasa ukuta. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya mawese. Akaketi juu ya ubao aliokuwa anauranda, akamwambia mke wake kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: "Mama watoto, wameniua."

Mke hakuacha hata kupepeta. "Munganga alisema mkojo utageuka. Ni rangi ya dawa tu inatoka. Kwani hukumsikia?"

Hakumsikia. Siku ile kwenye kituo cha afya alikaa kwenye benchi, macho kwa muuguzi, kichwa kinaitikia, lakini mawazo yote yako chini Moba, bandarini, kwenye boti ya mtu ambayo alikuwa amekula nusu ya malipo yake na mbao zake zilikuwa bado msituni. Muuguzi alisema miezi sita. Alisema miezi miwili ya kwanza vidonge hivi, miezi minne inayofuata vidonge vile. Alisema usiache hata ukijisikia mzima, na hilo alilirudia mara mbili, mara ya pili kwa Kitabwa, lugha ya huku, akiinama kidogo kama mtu anayemwekea mwenzake kitu mfukoni. Fundi akasema ndiyo, munganga. Yote yaliyosemwa pale yalirudi nyumbani ndani ya kichwa cha mke.

Ninakisimulia kisa hiki jinsi wazee wetu wanavyosimulia funzo: mtu hana jina, nyumba haina alama. Usipande Kirungu kumtafuta. Nimemtunga, ingawa sikuhitaji kutunga mengi, maana watu wa namna yake nimekaa nao benchi moja kanisani. Kirungu yenyewe ipo. Ipo juu, mlimani, na ziwa Tanganyika liko chini yake, na anayetoka bandarini na gunia la dagaa kichwani anaijua kila kona ya njia ile kwa magoti yake. Mapadri Weupe waliuanzisha mji huu mwaka 1893 wakauita Baudouinville, kwa jina la mtoto wa jamaa ya mfalme wa Ubelgiji, wakafyatua matofali na kujenga kanisa ambalo mgeni hulitazama akajiuliza limefikaje huku. Hapa hapa, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza kuupata katika nyakati hizi zetu. Kwa hiyo mji huu umelala na kuamka na Neno la Mungu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kengele hulitangaza alfajiri, na usiku spika za vyumba vya maombi hulitangaza tena mpaka mbwa wanachoka kubweka. Hakuna mtu Kirungu anayeweza kusema hajasikia.

Ila kusikia, katika lugha yetu, ni nyumba yenye vyumba vingi. Nasikia kengele, hilo ni sikio. Nasikia baridi, hilo ni ngozi. Unasikia Kifaransa? Hapo tunauliza kama unakielewa. Na mtoto akiwa mtukutu, mama yake halalamiki kwamba mtoto hatii. Anasema, mtoto huyu hasikii, na kila jirani anajua kwamba masikio ya mtoto ni mazima. Kisha ongeza silabi moja tu, *ji*, na neno linageuza uso: najisikia. Hapo hakuna tena anayesema nami. Nimebaki peke yangu na mwili wangu, mwili ndio unaotoa habari na mimi ndiye ninayezipokea. Kisa chote cha fundi huyu kimejificha ndani ya silabi hiyo.

Tuanze pale alipoanza kukohoa. Ilikuwa kiangazi, vumbi la randa likalaumiwa. Wiki ya tatu akapungua uzito, usiku shuka likawa linalowa jasho. Alipotema damu, watu wakaanza kusema ni sumu. Kwetu, mtu akitema damu, kabla ya kuulizwa amelala wapi na nani ataulizwa amekula kwa nani. Kulikuwa na fundi mwingine wa boti pale bandarini waliyegombana juu ya mbao, na jina lake likaanza kutajwa penye pombe. Bahati nzuri, mke wa fundi wetu alikuwa na baba mdogo aliyekuwa katekista, mzee wa maneno machache. Alikuja jioni moja, akasikiliza hadithi ya sumu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Makohozi yamepimwa?" Asubuhi yake yakapimwa. Kifua kikuu. Dawa ni bure, na Kongo ni mojawapo ya nchi zenye wagonjwa wengi kabisa wa ugonjwa huu duniani, kwa hiyo muuguzi hakuhitaji kufungua kitabu.

Dawa za kifua kikuu zina hila moja, nayo ni kwamba zinafanya kazi. Wiki chache za kwanza zinaua vijidudu vingi, vile vinavyozaana kwa haraka, na mgonjwa anafufuka. Jasho linakauka, hamu ya chakula inarudi kwa fujo. Mwezi wa pili ulipokwisha fundi alikuwa anamaliza bukari yake na kuitazama ya mtoto. Alipanda njia ya bandarini bila kusimama. Vilivyobaki kifuani ni vichache tu, vimelala, havina haraka, na miezi minne inayobaki ni ya kuvisubiri hivyo viamke kimoja kimoja. Lakini vilivyolala havipigi kelele. Mgonjwa akijisikiliza, anasikia kimya, na kimya anakiita uzima.

Katika wiki hizo dada yake mkubwa alimchukua kwenye chumba cha maombi. Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na chumba kile. Ni banda la mabati na viti vya plastiki, na watu wanaokwenda mle wana shida za kweli, na wengi hawana pengine pa kulilia. Mchungaji aliweka mkono juu ya kichwa cha fundi, akaomba, akatokwa jasho, akasema: umepona katika jina la Yesu. Watu wakashangilia. Fundi alianguka magotini na kulia machozi ambayo hakuyalia hata siku ya kumzika baba yake. Nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Mungu alikuwa pale. Yupo kila mahali mtu anapolia hivyo.

Angalia kwa makini kilichosemwa. Mchungaji hakusema acha dawa. Hakujua hata kama kuna dawa, kwa sababu hakuuliza, na kutouliza kwake ni kosa ambalo nitalizungumzia tena. Alisema maneno machache. Ni fundi aliyeyasikia kwa namna yake. Alikuwa na hamu ya kusikia neno fulani, akaliokota kabla halijaanguka.

Vidonge vikahamia kwenye kopo la maziwa, kopo likapanda juu ya ukuta chini ya mabati.

"Baba watoto, dawa."

"Za nini? Mtu akishavuka ziwa, bado anapiga kasia nchi kavu?"

"Umevuka?"

"Si unaniona?"

Alimwona. Alikuwa amenenepa, amenyoa, ameanza kuimba tena. Ungemwambia nini? Mke alikwenda kwa baba yake mdogo, na mzee akaja tena jioni, akakaa, akakubali chai. Hakuanza na dawa. Aliuliza habari za boti.

"Iko ufukweni," fundi akasema. "Nimebakiza kukalafati nusu ya chini."

"Inaingiza maji?"

"Baba, boti haiingizi maji ikiwa ufukweni."

"Basi mwenyewe aje aichukue leo. Ni nzima."

Fundi alicheka. Alielewa, kwa sababu mtu asiyeelewa hacheki namna ile. Lakini kuelewa kwenyewe ni chumba kimoja tu cha ile nyumba, na usiku ule hakuinua mkono kufikia kopo.

Nimefikiria mara nyingi juu ya Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Tunapenda kuhubiri hasira yake, jinsi alivyosimama mlangoni kwa Elisha na farasi na magari yake, na nabii hata hakutoka nje, akamtuma mtu aseme tu: nenda ukaoge Yordani mara saba. Tunapenda anavyotaja mito ya Dameski, Abana na Farpari, kwamba ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Tunapenda pia kijakazi, mtoto aliyetekwa, ambaye bila yeye jemadari asingejua pa kwenda. Neno la Mungu lilimfikia mtu mkubwa kupitia kinywa kidogo kabisa cha nyumba yake, na bila shaka wapo waliosikia na kusema, huyu mtoto anajua nini. Kwenye kituo cha afya vinywa vidogo ni vingi.

Mimi hukaa zaidi kwenye maji. Mara saba. Maandiko yananyamaza kabisa juu ya mara ya kwanza hadi ya sita. Alipoibuka mara ya tatu ngozi yake ilikuwaje? Ya nne? Kama ilikuwa vilevile, mtu wa kawaida angetoka na kutafuta taulo, kwa kukata tamaa. Kama ilikuwa imeanza kung'aa, hatari ni kubwa zaidi: angetoka kwa furaha, akawaonyesha watumishi, akapanda farasi, na kule Dameski wangepiga ngoma. Ukoma ungebaki mahali fulani chini ya kwapa, kimya, ukisubiri. Imani ya Naamani ninaiona pale alipozama mara ya tano. Kufika mtoni hata hasira zinaweza kumfikisha mtu.

Jambo hili si la Kirungu peke yake. Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilikuwa inatazama kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500. Magari yakapanga foleni ya kilomita kadhaa katika eneo lisilo na barabara ya maana, matajiri na mawaziri wakanywa pamoja na wachungaji wa mbuzi, na wapo wagonjwa waliokata roho njiani, wengine wakiwa wameondolewa vitandani hospitalini ili wawahi. Mimi simwiti Babu tapeli. Tapeli hatozi shilingi 500, na mzee yule aliendelea kuishi kijijini hadi alipofariki mwaka 2021. Serikali ilikipima kinywaji ikasema hakina madhara kwa anayekinywa. Na huenda ni kweli, madhara hayakuwa ndani ya kikombe. Yalikuwa ndani ya makabati ya nyumbani, kwenye vidonge vya kisukari na vya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ambavyo watu waliviacha kwa sababu walirudi wakijisikia wepesi.

Turudi kwetu. Fundi akawa ushuhuda.

Hapa ndipo kisa kinaponiuma, na ninaomba msomaji avumilie nikikaa hapa kidogo. Kila Ijumaa ya maombi ya usiku aliitwa mbele. Alikuwa na kipaji. Alijua kusimulia, alijua wapi pa kunyamaza. Alisimulia damu, alisimulia shuka lililolowa, alisimulia sumu (ile sumu ilirudi kwenye ushuhuda, ingawa makohozi yalikwisha kuifuta, kwa sababu ushuhuda wenye adui ni mtamu zaidi), halafu mkono wa mchungaji. Vidonge vya miezi miwili havikutajwa. Sidhani alidanganya kwa makusudi. Viliteleza tu, kama watu wadogo wanavyoteleza katika hadithi za watu wakubwa.

Mvua za Novemba zilipoanza, kikohozi kikarudi.

Mtu mwingine angerudi kituoni kesho yake. Lakini ushuhuda haukohoi. Fundi alijifunza kumeza kikohozi: anavuta pumzi taratibu kupitia puani, anabana meno, machozi yanamlenga, watu wanadhani ameguswa na Roho. Kikizidi, anatoka nje kama anayekwenda kupokea simu, anasimama nyuma ya banda, anakohoa ndani ya shati lake mpaka magoti yanalegea, anajifuta, anarudi kuimba. Nyumbani alikohoa usiku, chini ya kelele za mvua juu ya mabati, na binti yake wa miaka minne, kitinda mimba, alikuwa na mazoea ya kulala juu ya kifua chake.

Mke aliona uvimbe kwanza. Chini ya sikio la mtoto, kwenye shingo, kama punje ya karanga, kisha kama yai la njiwa. Haukuuma. Mtoto alikuwa na homa zinazokuja jioni na kwenda asubuhi. Mama hakuomba ruhusa. Alimfunga mtoto mgongoni alfajiri, akapitia kwa baba yake mdogo, wakaenda.

Mzee alipowaacha pale alirudi moja kwa moja kwa fundi. Safari hii hakunywa chai. Alimkuta anajiandaa kwenda kwenye maombi, shati limepigwa pasi.

"Wewe ni mtu wa ushuhuda. Basi nijibu. Bwana Yesu alipomtakasa yule mwenye ukoma, katika Marko sura ya kwanza, alimtuma wapi?"

Fundi akasema hakumbuki.

"Alimtuma kwa kuhani, amtazame. Kuhani ndiye aliyekuwa mpimaji wa ukoma, sheria ya Musa imeeleza kila kitu, anatazama ngozi, anatazama malaika ya mwili, na hata mtu akishaonekana safi anakaa siku saba nje ya hema yake kabla hajaingia ndani. Yesu ambaye alijua kabisa kwamba amemponya, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, bado alimwambia nenda ukapimwe. Akamwambia pia asimweleze mtu kwanza. Na yule mtu alifanya nini? Alianza kutoa ushuhuda. Mwanangu, wewe si wa kwanza."

Fundi alikaa juu ya ubao.

Mzee akaelekeza kidole mashariki, ziwani, ambako ng'ambo yake ni Karema. "Kule aliishi mtu anaitwa Atiman. Baba yangu alinisimulia habari zake. Wakamataji wa watumwa walimchukua kwao, mbali, kando ya mto Niger, akiwa mtoto. Mapadri wakamkomboa, wakampeleka Malta, akasoma udaktari, akafika Karema mwaka 1889. Akakaa pale mpaka kufa, mwaka 1956. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Na kazi yake ilikuwa na jina moja lenye vichwa viwili: daktari katekista. Mkono uleule ulifunga vidonda na kushika katekisimu. Hakuna aliyemwuliza, leo wewe ni wa Mungu au wa dawa? Ninyi mmepata wapi hilo swali?"

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ndiye aliyebuni mpango ule: vijana waliokombolewa utumwani wasomeshwe uganga huko Malta, kisha warudi Afrika kutibu na kuinjilisha kwa pamoja. Ni wachache waliofika, na mpango wenyewe haukudumu. Nikimtazama Atiman ninaona kitu ambacho mji wetu ulikijua na ukakisahau njiani, sijui lini hasa. Katika Biblia ya Kikatoliki kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura ya 38 inamtaka mgonjwa asali, atubu, atoe sadaka, kisha ampe mganga nafasi yake, kwa maana naye ameumbwa na Bwana. Mambo hayo yote yako katika sura moja. Anayesoma nusu yake hajapungukiwa imani. Amepungukiwa usomaji.

Fundi alikubali kupimwa tena, na makohozi yake yalishuka na boti hadi mji wa Kalemie, kwenye mashine ya kuyapima. Jibu lilichukua muda kurudi, na lilikuwa baya: vijidudu vilivyolala vilikuwa vimeamka vikiwa vimeizoea dawa. Zile za mwanzo hazikumfaa tena. Binti yake alibahatika, kama neno hilo linafaa: uvimbe wake ulisikia dawa. Tena hapo lugha yetu, hata uvimbe tunasema unasikia. Alitibiwa miezi sita, mama yake akitupa kizibo kimoja cha soda katika mtungi kila asubuhi baada ya kidonge, mpaka mtungi ukajaa na mtoto akaruhusiwa kuumwaga uani na kuvihesabu, akakosea hesabu mara tatu.

Fundi alikuwa na njia ndefu. Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya 2018, na kwa kifua kikuu sugu wakati ule bado zilitumika sindano za kanamaisini, kila siku, miezi minne au zaidi, pamoja na ngumi nzima ya vidonge ambavyo vilimtapisha. Muuguzi alimwambia: "Papa, sindano hii inaua mdudu, lakini inaweza kuchukua masikio. Ukisikia mlio, kama nyenje, uniambie siku hiyohiyo."

Safari hii alimsikia. Alimwomba arudie, akarudia yeye mwenyewe kwa sauti. Mwezi wa tatu nyenje zilianza kulia ndani ya kichwa chake usiku wa manane, na alfajiri alikuwa mlangoni pa kituo kabla ya mfagiaji. Sindano zikapunguzwa, halafu zikasimamishwa. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. La kulia likabaki na kitu kidogo, kama redio iliyoachwa chumba cha pili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isipendekezwe tena, na siku hizi wagonjwa wengi wa namna yake hutibiwa kwa vidonge peke yake.

Najua kuna msomaji ambaye tayari amekwisha kutikisa kichwa na kusema: asiyesikia la mkuu, huvunjika guu, na huyu kavunjika sikio, Mungu si Athumani. Naomba asiseme hivyo mbele yangu. Sindano ile ilichukua masikio ya watu wengi duniani ambao hawakuacha kidonge hata kimoja, watu walioambukizwa kifua kikuu sugu cha mtu mwingine, wengine watoto. Mungu ninayemsikia katika Injili hamngoji mtu kwenye kona na sindano. Fundi aliacha dawa, dawa zikashindwa, dawa kali zaidi ikaitwa, nayo ilikuwa na bei yake. Hayo yanatosha kumhuzunisha mtu bila kumtafutia Mungu lawama.

Mchungaji alikuja kumwona. Alileta migebuka mikavu na unga, akakaa muda mrefu bila kufungua Biblia. Hatimaye aliuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza usiku ule wa kwanza, ulikuwa unakunywa dawa gani? Siku hizi analiuliza kabla ya kuweka mkono. Wapo waliohama chumba chake kwa sababu hiyo, wakisema moto wake umepungua.

Jumapili fundi anakwenda na familia yake kwenye kanisa kubwa la matofali. Anakaa mbele, upande wa kushoto, ili sikio la kulia lielekee madhabahu, na macho yake hayaondoki kwenye midomo ya msomaji. Binti yake anakaa ubavuni. Ana miaka mingi sasa, anasoma vizuri, na kazi yake ni kumrudishia baba yake yale yaliyompita. Kwa kuwa baba hasikii sauti yake mwenyewe, anauliza kwa nguvu, na safu tatu za nyuma zinageuka.

"Amesema nini?"

Mtoto anainama, anamwambia sikioni, taratibu, neno kwa neno.

"Halafu?"

"Subiri, Baba. Bado hajamaliza."